Nilipokuwa Mdomo wa Dakta wa Ubongo

Mimi ni mstaafu. Usicheke. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, na wiki iliyopita nilikabidhi koti jeupe lililokuwa likinifika kwenye vifundo vya miguu. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nilipewa soda, na Mzee Hamisi wa maabara akasimama hapo hapo akisubiri chupa irudi. Kuhusu malipo sina zaidi. Mshahara wenyewe haukuwa mrefu kiasi cha kujaza sentensi.

Naandika kwa ajili yako, Sesilia wa kidato cha pili, utakayevaa koti hilo kuanzia likizo hii. Dakta ameniagiza nikueleze kazi. Amesema, "Andika ya maana tu, Tatu." Nitajitahidi, ila ananijua.

Kazi yenyewe niliipata kwa adhabu. Nilikuwa nimemwigiza mwalimu wa zamu anavyotembea, nikanogewa, nikaendelea mpaka darasa likanyamaza, na mwenye mwendo wake kumbe yuko nyuma yangu. Nikapelekwa hospitali Jumamosi nzima kufagia. Nafagia kibaraza, namwona daktari mwembamba, soksi kavuta mpaka magotini, anamhoji bibi mmoja kwa Kiswahili cha redioni. Bibi anamjibu kwa Kinyamwezi, kwa upole kabisa. Nikaangusha fagio kwa kicheko.

"Wewe binti, kuna nini cha kuchekesha?"

"Anasema, mtoto huyu hajanisalimia, ananiuliza umri. Kwao wanafuga nini, mbwa?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akasimama, akainama, akatoa shikamoo ya nguvu. Bibi akaitikia, akaanza kuzungumza, na mimi nikiwa katikati na fagio langu nikipokea huku na kutoa kule. Jioni daktari akaniuliza kama ninaweza kurudi wiki ijayo. Tangu siku hiyo nikawa mdomo wake.

Dakta Kaijage anatoka Bukoba. Alisomea ubongo nchi za baridi, akarudi na kikohozi na wazo moja. Wazo lenyewe ni hili: kuna wazee ambao usahaulifu wao si uzee. Mzee wa kawaida husahau kiberiti alikiweka wapi. Hawa wa Dakta hushika kiberiti mkononi na kuuliza ni kitu gani. Wenzake walimwambia ugonjwa huo ni wa Wazungu, kwetu watu wanazeeka tu na kuingia utotoni, tena anapoteza mafuta ya serikali. Yeye akaomba chumba. Wakampa kile kilichopakana na chumba cha maiti, wakidhani atachoka.

Humo utamkuta Mzee Hamisi, fundi wa maabara, mtu wa mjini Tabora tangu enzi za babu yake, kanzu nyeupe Ijumaa na koti jeupe siku nyingine, hivyo huwezi kujua lini yuko kazini. Ndiye aliyenifundisha mambo mengi, na karibu yote yalianza na neno "usi". Usifungue ndoo ya kwanza kabla ya chai. Usiifungue baada ya chai pia. Usinywee chupa ya chai yenye utepe mwekundu, hiyo haikuwahi kuwa na chai. Usicheke mbele ya mgonjwa. Uliza, itikia, halafu kacheke kwenye mwarobaini kama una dharura.

Ndani ya ndoo kuna ubongo wa watu. Siku ya kwanza niliuliza kama wenyewe wanajua. Mzee Hamisi akasema, "Watoto wao wanajua. Walikubali. Na wewe utaamkia kila ukiingia." Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Utaamkia ndoo, Sesilia.

Ubongo mbichi ni laini kama maziwa ya mgando, ukiubeba vibaya unakumwagikia. Ukikaa kwenye dawa majuma kadhaa unakuwa mgumu kama muhogo uliochemshwa, ndipo Mzee Hamisi anapoukata vipande vyembamba kwa wembe wake ambao hamwazimi hata Dakta. Vipande vinatiwa dawa yenye madini ya fedha ndani yake, vinalazwa juu ya kioo, vinawekwa kwenye hadubini. Hadubini yetu haina taa. Ina kioo kidogo chini yake, unakigeuza mpaka kinase mwanga wa dirishani. Kikisogea kidogo tu, huoni kitu ila giza na kope zako mwenyewe. Likumbuke hilo.

Ukiangalia ubongo wa mtu asiyeumwa unaona chembe zimetulia. Ukiangalia wa mgonjwa, unakuta ndani ya chembe nyuzi nyeusi zimejisokota, kama uzi wa cherehani ulioliwa na mashine, na pembeni mabaka kama majivu yaliyodondokewa na maji. Basi. Mtu kasahau jina la mwanawe kwa sababu ya kitu hicho, na kinaenea kwenye kioo kisichozidi kidole gumba.

Kuna upande wa kemia pia, ambao ndio unamnyima Dakta usingizi. Aliniambia chembe za ubongo hazigusani. Zinaitana, kama watu wa ng'ambo mbili za mto, na sauti yao ni kemikali. Anaamini kwa wagonjwa wake sauti hiyo inakauka. Lakini kuipima kunataka ubongo uliotolewa mapema, ukawekwa kwenye barafu, ukapelekwa Dar es Salaam ambako mashine ipo. Hiyo ndiyo kazi ya chupa yenye utepe mwekundu. Tuliisindikiza stesheni mara nyingi, na mara nyingi treni ilikaa njiani mpaka barafu ikawa maji na kemikali ikaisha yenyewe. Dakta anasoma simu ya maandishi kutoka Dar, anaikunja, anasema, "Tutajaribu tena." Hiyo maana yake tunasubiri mtu mwingine afe. Hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti, hata mimi.

Sasa kuhoji. Utabeba trei yenye vitu vitano: kiberiti, kijiko, ufunguo, gunzi la hindi na kifungo cha shati. Mzee anaviangalia, anavitaja, unavifunika kitambaa, mnazungumza habari za mvua, halafu unamuuliza palikuwa na nini. Wewe unatafsiri tu. Usiongeze, usipunguze, usimsaidie mtu kwa nyusi. Dakta akimuuliza rais wa nchi ni nani na mzee akamtaja gavana wa Kijerumani, unamtaja gavana huyo huyo ukiwa umekaza uso.

Na jambo moja Dakta alinifundisha siku ya kwanza kabisa: usiangalie trei, angalia shingo. Mtu anayeumwa ugonjwa huu, ukimuuliza swali, kabla hajajibu anageuza kichwa kumtazama aliye karibu naye, mkewe au binti yake, amkopeshe jibu. Hajui kama anafanya hivyo. Na jambo la pili, ambalo Dakta alikuwa nalo vitabuni ila likaja kutuumiza baadaye: mgonjwa wa kweli ni nadra kukwambia "sijui". Anaona aibu. Atakupamba, atakusalimia upya, atakusimulia jambo la zamani, ilimradi usigundue.

Basi. Mwaka ninaokusimulia ulikuwa ule watu walipokuwa wakihamishwa kutoka maskani yao ya msituni kwenda vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Sisi shuleni tuliimba nyimbo zake kwa sauti mbili. Kijiji tulichokuwa tukienda na Landrova ya hospitali kiliitwa Mapambano, mbele ya Igalula, nyumba zimepangwa mstari kama darasa linalosubiri kukaguliwa. Kila asubuhi kengele ya chuma cha reli inalia, wenye nguvu wote wanakwenda shamba la pamoja. Na kila wiki wazee kadhaa wanatoroka kurudi kwenye mahame, maskani ya zamani walikoondolewa.

Katibu wa kata alikuwa kijana aliyetoka mkoa wa pwani, suruali imepigwa pasi, Kinyamwezi hajui hata cha kuombea maji. Sitamwita mbaya. Alikuwa na ripoti za kupeleka juu, na kila mzee aliyetoroka alikuwa doa kwenye ripoti. Akamwomba Dakta amtenganishie: nani mgonjwa, nani mkaidi. Mgonjwa atapewa cheti, na ndugu mmoja ataachiliwa shamba la pamoja akae amwangalie, hata huko mahame kama ndiko wanakotulia. Mkaidi atajua mwenyewe.

Dakta alifurahi mno. Hajawahi kuletewa wagonjwa kwa mstari.

Habari zikatembea kijijini haraka kuliko Landrova. Tulipofika, wazee wote wa Mapambano walikuwa wamesahau. Nilifunua trei, "Hiki nini, guku?" Guku ni babu, utalitumia sana. "Sijui, mjukuu wangu." "Na hiki?" "Sijui." "Jina lako?" "Mh! Hilo nalo sijui." Mmoja alisahau majina ya watoto wake wote, lakini tulipomaliza akanishika mkono: "Na ule ugoro wangu uliouchukua kunusa asubuhi, urudishe." Nilitafsiri kila kitu, na huo ugoro pia. Dakta alicheka, ila akaandika. Aliandika vyeti vingi siku ile. Njiani nilimuuliza, "Dakta, hata yule wa ugoro?" Akasema ugonjwa huanza taratibu. Mtu akitafuta kitu miaka mingi, kikija kimejaa kapu hahesabu.

Mavuno hayajaisha, Katibu akawakuta wenye vyeti kule mahame. Mmoja yuko juu ya paa anaezeka. Wa ugoro anapakua mizinga ya nyuki na kuimba. Wote wanakumbuka vizuri sana.

Alikuja hospitalini na vyeti vimefungwa kwa kamba. "Ndugu Daktari, umenifanya kichekesho wilaya nzima. Karatasi yako nyingine sitaipokea, mpaka mgonjwa nimwone mwenyewe kwa macho yangu."

Dakta alifungua kamba, akavipitia kimoja kimoja. Halafu akaniambia mimi, si Katibu, "Walisema sijui. Wote walisema sijui. Na mimi nilikuwepo."

Wiki hiyo hiyo akaja Bi Nyamizi. Alitembea kutoka Mapambano mpaka hospitali kwa mguu, na mume wake, Mzee Kasanda, kamfunga kanga kiunoni, ncha moja kwake na nyingine kwa mzee. Watu wa kibarazani waliwacheka. Mimi pia, mpaka alipofungua fundo na mzee akaanza kuondoka papo hapo, bila haraka, kuelekea geti.

"Ndivyo ilivyo," Bi Nyamizi alisema. "Kengele ikilia natakiwa shambani. Nikienda, yeye anaondoka. Nikibaki, jina langu linaandikwa. Namfunga. Nimekuwa namfunga mume wangu kama mbuzi, mjukuu. Niombee hicho cheti."

Mzee Kasanda alikuwa mrefu, nywele nyeupe, mwenye adabu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhoji. Ujanani alikuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani, kabeba mizigo ya watu kichwani kwa njia ile ya zamani ya misafara. Nilipomwonyesha trei aliishukuru. Nilipomuuliza kuna nini chini ya kitambaa, akageuza kichwa kwa mkewe. Midomo ya Bi Nyamizi ikacheza: kijiko. "Kijiko," akasema mzee. Dakta aliona. Akamwomba mama asogee nyuma ya mlango. Nikauliza tena. Mzee akageuza kichwa pale pale alipokuwa mkewe, akakuta ukuta, akautazama ukuta ule sana. Kisha akanigeukia kwa tabasamu: "Mjukuu, na kwenu mvua zimenyesha?"

Dakta aliandika cheti kile kwa mkono wa taratibu. Alijua hakitoshi. Tukaenda nacho Mapambano, tukakaa ofisi ya kata, na kijiji kizima madirishani.

Katibu akasema, "Haya, tumwone."

Mzee Kasanda akaingia, akavua kofia, akamsalimia Katibu. Akamuuliza habari za baba, za mama, za ng'ombe, za safari, za mvua ya huko atokako. Natafsiri mpaka koo linakauka. Katibu mwenyewe akajikuta ananyoosha kola. Akamuuliza, "Mzee, njia ya pwani unaikumbuka?" Na mzee akasimama wima, akataja kambi zote kwa mpangilio, Kigwa, Rubuga, Tura, na kuendelea, wapi maji ni machungu, wapi pana simba, kama anazisoma ukutani.

Katibu akamtazama Dakta. "Ndugu Daktari. Huyu ndiye hana kumbukumbu?"

"Mambo ya zamani hukaa mwisho kuondoka," Dakta akasema. "Muulize ya leo. Muulize amekula nini asubuhi."

Nikauliza. Mzee akageuza kichwa. Bi Nyamizi alikuwa nje, kama Katibu alivyoagiza. "Chakula cha hapa ni kizuri," mzee akasema. "Tunawashukuru wenyeji."

"Jibu la mtu mwenye adabu," Katibu akasema.

Dakta akasimama. Akasema, "Mwiteni mkewe."

Bi Nyamizi akaingia, akapiga goti. Mzee Kasanda akamtazama kwa heshima kubwa, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. "Karibu, mgeni," akamwambia. "Umetoka mbali? Mumeo hajambo?"

Sikutafsiri mara moja. Watu wa madirishani walielewa kabla yangu, na wakacheka. Walicheka sana, Sesilia. Wale wazee wa paa na wa mizinga walikuwa mbele kabisa, wakipigana mabega kwa furaha: Kasanda kawazidi wote! Katibu alipopata tafsiri naye akatabasamu, akapiga makofi mawili, akamwambia Dakta, "Huyu mmemfundisha vizuri."

Bi Nyamizi bado alikuwa amepiga goti. Akamjibu mumewe, "Hajambo, baba. Anawasalimu."

Cheti kilirudi nasi Tabora kwenye mfuko wa Dakta.

Kilichofuata kitasemwa kwa ufupi, kwa sababu hakikuchukua muda. Katibu alipiga marufuku kumfunga mzee, akisema watu hawafungwi katika nchi huru, na hapo alikuwa na haki. Kengele ikalia, Bi Nyamizi akaenda shambani. Aliporudi, nyumba ilikuwa wazi. Walimtafuta upande wa mahame, kwa kuwa wazee wote hukimbilia huko. Hakwenda mahame. Alishika njia ya misafara, mashariki, na warina asali wakamkuta siku ya tatu porini upande wa Rubuga, ameketi, mgongo kwenye mti, amekauka kwa kiu. Mzigo wake aliuegemeza kando kwa namna ya wapagazi wa zamani, umefungwa kamba ya gome, barabara kabisa. Ndani mlikuwa na sufuria, kigoda, na kanga ya mkewe ile ya kufungia. Huyu hakuwa ametoroka. Alikuwa safarini na familia.

Mwili ulipoletwa Mapambano, Dakta alikwenda bila chupa ya utepe mwekundu. Kwa kemia muda ulikuwa umepita kabisa, jua lilikuwa limemaliza kila kitu. Lakini zile nyuzi hukaa. Akaniambia, "Tatu, hili siwezi kukulazimisha utafsiri." Nikamwambia ataongea na nani, na Mzee Hamisi hatoki ndani ya gari kwa machozi. Nikaenda.

Nilisema maneno yote. Kwamba wanaomba kichwa kifunguliwe, kwamba kitafungwa vizuri kwa kitambaa, kwamba mzee atarudishwa azikwe jioni hiyo hiyo. Bi Nyamizi alisikiliza akiwa anapepeta mchele wa matanga.

"Mkifungua, mtaona alikuwa mgonjwa?"

"Dakta anasema ndiyo."

"Kitu cha kuonekana? Kwa macho?"

"Kwa hadubini. Ndiyo."

"Hata Katibu anaweza kukiona?"

Nikamuuliza Dakta. Dakta akasema mtu yeyote mwenye macho.

Akaupepeta mchele mara moja tena, akaweka ungo chini. "Basi chukueni. Na siku hiyo mniite. Na yeye mumwite."

Majuma yakapita, ubongo ukawa mgumu, Mzee Hamisi akaukata. Hajawahi kukata vizuri vile. Sikuwa na lililobaki la kufanya ila kuiamkia ndoo kila asubuhi, "Shikamoo, guku," na sikucheka.

Wakaja siku moja, Bi Nyamizi kwa miguu, Katibu kwa baiskeli. Dakta alimkalisha mama kwanza. Aligeuza kioo mpaka kikanasa dirisha, akamwonyesha jicho la kutumia. Mama aliangalia muda mrefu, mkono mmoja umeshika meza.

"Hizi nyuzi," akaniambia. "Zimefungana hivi. Nani angezifungua?" Akanyanyuka, akampisha Katibu kwenye kiti.

Katibu alikaa haraka, kama mtu anayekaa kwa daktari wa meno. Goti lake likagonga meza. Nikaona kioo kidogo kinazunguka na kutazama ukuta. Mzee Hamisi aliona pia, akanyoosha mkono, Dakta akamzuia kwa macho. Sijui kwa nini, na sijamuuliza. Katibu akainama. Akakaa hivyo kwa muda wa mtu anayeona.

"Naona," akasema.

"Kasemaje?" Bi Nyamizi akaniuliza.

"Anasema anaona."

"Muulize ni za rangi gani."

Nikamuuliza. Kazi ni kazi: usiongeze, usipunguze. Katibu akainua uso kutoka kwenye giza lile. Na kabla hajajibu, akageuza kichwa, akamtazama Dakta.

Dakta akawa anatazama dirisha. Ni Bi Nyamizi aliyemsogelea Katibu, akamwekea mkono begani, na akamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake kidogo, bila kunihitaji:

"Nyeusi, baba. Sema nyeusi."

"Nyeusi," akasema Katibu.